Kwa nini wazazi wa watoto wenye mahitaji maalum wangali wanazungushwa

KILA shule zinapofunguliwa mwezi Januari, wazazi humiminika katika ofisi za walimu wakuu wakiwatafutia wana wao nafasi. Kwa wengi shughuli hiyo huisha siku iyo hiyo. Lakini kwa mzazi wa mtoto asiyesikia vyema, mwenye usonji, au ambaye ameshindwa kabisa kutambua herufi ambazo wenzake walizimudu zamani, siku hiyo huwa mwanzo tu wa safari ndefu.

Jibu analopewa mzazi huyo mara nyingi ni moja: ampeleke mtoto kwanza akatathminiwe. Jibu lenyewe halina kosa. Mwalimu hawezi kumsaidia mtoto ambaye hajui shida yake iko wapi. Kasoro ni kwamba jibu hilo hukomea hapo. Mzazi haambiwi tathmini hiyo itachukua muda gani, itagharimu nini, na mtoto atakuwa wapi wakati ikisubiriwa. Wapo wanaorejea nyumbani na mtoto, na huko akakaa mwaka mzima au zaidi.

Suala hili limepata uzito mpya kwa sababu mbili. Kwanza, mwaka 2025 Kenya ilipata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Pili, mtaala wa umilisi umeifanya tathmini kuwa jambo linaloamua njia atakayofuata mwanafunzi tangu utotoni hadi ukubwani. Anayekosa kutathminiwa, au anayetathminiwa vibaya, anaweza kulipia kosa hilo maisha yake yote.

Sheria si haba

Mtu akisoma sheria za Kenya peke yake, atadhani kwamba mambo yamekwisha kunyooka. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ambayo ni ya lazima na isiyolipiwa. Kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu zilizoshirikishwa na jamii, na ya kutumia lugha ya ishara, breli na njia nyinginezo za mawasiliano zinazowafaa.

Kabla ya hapo, mnamo 2008, Kenya ilikuwa imeidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unayataka mataifa yawasomeshe watoto hawa pamoja na wenzao huku wakipewa msaada unaowafaa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inakataza shule kumbagua mtoto kwa misingi ya ulemavu anapotafuta nafasi. Inazitwika bodi za elimu za kaunti jukumu la kuwa na vituo vya tathmini ambavyo vitawachunguza watoto wenye mahitaji maalum na kuwashauri wazazi na walimu. Isitoshe, inasema kwamba maoni ya mzazi yazingatiwe kabla ya kuamua iwapo mtoto anahitaji elimu maalum.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo sheria hiyo haikulitaja: idadi ya siku. Mzazi akiandika barua leo kuomba mwanawe atathminiwe, hakuna tarehe ambayo ikipita anaweza kusema kwamba haki yake imevunjwa. Nchini Marekani, sheria ya taifa inaweka muda wa siku 60 tangu mzazi atoe idhini, isipokuwa pale jimbo limejiwekea muda wake. Uingereza, utaratibu wote tangu ombi kupokewa hadi mpango wa mtoto kukamilika unatakiwa uishe katika wiki 20. Mataifa hayo nayo yana malalamishi tele ya ucheleweshaji, lakini mzazi wa huko ana tarehe ya kushikilia anapolalamika. Mzazi wa Kenya hana.

Sheria ya 2003 ilikuwa na udhaifu mwingine. Ilikataza taasisi kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu pekee, ila ikaongeza sharti kwamba awe na uwezo wa kunufaika na masomo yenyewe. Sharti hilo liliacha mwanya mkubwa. Shule ambayo haikutaka kumpokea mtoto ingeweza kudai kwamba hawezi kunufaika, na bila ripoti ya tathmini mzazi alikosa cha kujibu.

Vituo vilikotoka

Vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, ambavyo wengi huvijua kwa jina la EARC, vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa serikali ya Denmark. Miaka miwili baadaye, mnamo 1986, ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalum nchini, KISE, huko Kasarani jijini Nairobi, ili kuwapa walimu mafunzo.

Hapo awali elimu ya watoto hawa ilikuwa zaidi kazi ya makanisa na mashirika ya hisani. Shule ya Vipofu ya Thika, kwa mfano, ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Baada ya uhuru, kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa ilichunguza hali ya walemavu mwaka 1964, na mwaka 1968 serikali ikatoa waraka wa sera uliotokana na kazi hiyo.

Wazo la kuwa na vituo lilikuwa la busara. Badala ya mzazi kusafiri hadi Nairobi, angemfikisha mtoto katika kituo kilicho karibu, apimwe macho na masikio, ufahamu wake uchunguzwe, kisha mzazi apewe ushauri na mtoto aelekezwe kwenye shule ya kawaida, kitengo maalum au shule maalum.

Msaada wa Denmark ulipofikia kikomo, mzigo uliachiwa Wizara ya Elimu. Kufikia 2003, jopokazi lililoongozwa na Dkt Edwards Kochung lilipotathmini elimu maalum, mojawapo ya mapendekezo yake makuu lilikuwa kwamba vituo hivi viongezewe fedha na vifaa. Zaidi ya miongo miwili baadaye, pendekezo hilo lingali linarudiwa karibu neno kwa neno.

Katika sehemu nyingi, kituo ni chumba kimoja au viwili ndani ya uwanja wa shule ya msingi. Afisa aliyepo ni mwalimu aliyesomea elimu maalum, na ambaye ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Huyo mmoja hutarajiwa kumpima mtoto asiyesikia, mwenye mtindio wa ubongo, mwenye usonji na asiyeweza kusoma, kisha atoke kwenda kukagua shule na kuwashauri walimu. Mashine ya kupima usikivu ikiharibika, kazi ya upande huo husimama. Katika kaunti pana kama Turkana na Marsabit, nauli pekee inaweza kumzuia mzazi kufika kituoni.

Ofisi tano, mtoto mmoja

Hata hivyo, uhaba wa pesa si sababu ya pekee. Tatizo lililo kubwa zaidi, na ambalo halizungumzwi sana, ni jinsi kazi hii ilivyogawanywa.

Chini ya Katiba, elimu ya chekechea na huduma za afya mashinani ni majukumu ya serikali za kaunti. Elimu ya msingi kuanzia Gredi ya 1 ni ya serikali ya kitaifa. Vituo vya tathmini viko chini ya Wizara ya Elimu, walimu wako chini ya TSC, na kadi ya ulemavu hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo liko chini ya wizara nyingine kabisa.

Matokeo yake ni haya. Mtu wa kwanza anayeweza kutambua kuwa mtoto wa miaka mitatu haongei au haitiki anapoitwa ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Wa pili ni mwalimu wa chekechea. Wote wawili ni waajiriwa wa kaunti. Lakini kituo ambacho kingepaswa kupokea habari hizo ni cha serikali ya kitaifa, na hakuna daraja thabiti linaloziunganisha pande hizo. Muuguzi huandika alichokiona katika kijitabu cha kliniki, na kijitabu kikabaki sandukuni nyumbani.

Wazazi wengi pia huchanganyikiwa kati ya kadi ya ulemavu na tathmini ya elimu. Kadi hupatikana baada ya uchunguzi wa daktari katika hospitali iliyoidhinishwa. Humwezesha mwenyewe kutambuliwa kisheria na kuomba misaada mbalimbali. Lakini haimwambii mwalimu mtoto afundishwe vipi. Kwa upande mwingine, ripoti ya EARC humweleza mwalimu namna ya kufundisha, ila haimpi mtoto kadi. Hivyo mzazi hulazimika kupanga foleni mara mbili, katika afisi mbili, akieleza yale yale.

Kutokana na mgawanyiko huo, hata idadi ya watoto wenyewe hubishaniwa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi walikuwa na ulemavu. Utafiti wa KISE uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba takriban asilimia 11 ya watoto na vijana walio na umri wa miaka 3 hadi 21 walikuwa na ulemavu au mahitaji maalum ya kielimu.

Pengo hilo halimaanishi kwamba mojawapo ya takwimu ni ya uongo. Sensa humuuliza mkuu wa nyumba kama kuna mtu anayetatizika kuona, kusikia, kutembea au kuwasiliana. Mzazi ambaye mwanawe hawezi kusoma kwa sababu ya disleksia hatamtaja, kwa kuwa hamwoni kuwa mlemavu. Mwingine atamficha kwa kuona aibu. Lakini serikali inapogawa walimu na fedha kwa kutegemea idadi ndogo, watoto waliosalia huwa kama kwamba hawapo.

Wasioonekana

Mtoto asiyeona kabisa au asiyeweza kutembea hutambuliwa mapema, angalau na jamaa zake. Wanaoumia kimyakimya ni wale ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Mtoto anayesikia kwa sikio moja, akiketi nyuma ya darasa lenye wanafunzi 70, ataitwa mkaidi. Anayeshindwa kutulia ataitwa mtukutu. Anayezigeuza herufi ataitwa mvivu.

Ingawa viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, ni watoto wa aina hii ambao aghalabu huendelea kuadhibiwa, kwa kosa la kutojua wasichoweza kukijua. Baadhi hurudia darasa hadi wanapoacha masomo, na takwimu zikawahesabu kuwa walioacha shule kwa hiari yao.

Enzi za mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, shule nyingi zilihofia kwamba watoto kama hawa wangeshusha alama za wastani. Mtihani huo umeondoka, lakini fikra ya kwamba mtoto anayejifunza polepole anaichafulia shule jina haikuondoka nao.

Mtaala wa umilisi ulikusudiwa kurekebisha hali hiyo. Unatoa njia mbili. Wanafunzi wenye ulemavu wanaoweza kufuata mtaala wa kawaida huendelea gredi kwa gredi pamoja na wenzao, huku vifaa na mitihani ikirekebishwa ili iwafae. Wasioweza hufuata njia ya hatua, inayoanzia kiwango cha msingi, kisha cha kati, halafu cha maandalizi ya ufundi na hatimaye cha ufundi wenyewe. Hapo mtoto hasukumwi na umri wake, bali hupanda anapokuwa tayari.

Huu ni mpango wenye manufaa, hasa kwa watoto wenye ulemavu wa akili ambao zamani walikariri masomo yasiyowafaa. Lakini una hatari yake. Mtoto kiziwi ambaye hajawahi kufundishwa lugha ya ishara anaweza kuonekana hana akili timamu. Mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kutamka maneno anaweza kuwa na akili pevu ambayo hakuna aliyeijaribu. Hao wakiwekwa katika njia ya hatua kwa sababu ya tathmini ya haraka ya dakika chache, watakuwa wamefungiwa mlango wa shule ya upili na chuo kikuu kabla ya kufikisha miaka kumi.

Hata kwa wale walio katika njia ya kawaida, ripoti ni muhimu. Baraza la Mitihani ya Kitaifa, KNEC, huwapa watahiniwa wenye ulemavu muda wa ziada, karatasi za breli au zenye maandishi makubwa. Shule ikisubiri hadi mwaka wa mtihani ndipo itafute ripoti ya tathmini, huenda mtahiniwa akaukosa msaada huo ilhali ni haki yake.

Baada ya ripoti

Wazazi waliofaulu kutathminiwa kwa watoto wao hugundua kwamba kuna mlima mwingine. Ripoti inaweza kupendekeza kitengo maalum ambacho hakipo katika eneo lao, au mtaalamu wa usemi ambaye hospitali ya kaunti haina. Shule maalum iliyo na nafasi inaweza kuwa ya bweni na mbali, na mzazi akatakiwa kulipia malazi na mahitaji mengine ingawa masomo yenyewe hayalipiwi.

Serikali hutoa mgao wa Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma, na huongeza kiasi fulani kwa mwenye mahitaji maalum. Lakini nyongeza hiyo humfikia tu mtoto aliyesajiliwa kuwa na mahitaji hayo. Hapa tena tathmini inakuwa ufunguo: asiyetathminiwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa haletewi pesa. Kisha mwalimu mkuu husema hawezi kumpokea kwa kuwa hana pesa.

Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitoa sera iliyoegemea zaidi upande wa kuwasomesha watoto hawa katika shule za kawaida za mtaani. Ni mwelekeo unaokubalika kote duniani tangu kongamano la Salamanca nchini Uhispania mwaka 1994. Lakini kumketisha mtoto katika darasa la kawaida bila mwalimu anayemwelewa si kumjumuisha. Ni kumtelekeza mahali penye watu wengi.

Uzoefu unaonyesha kwamba pale ambapo mambo yamesogea, mara nyingi waliosukuma ni wazazi wenyewe. Kitengo cha watoto wenye usonji katika Shule ya Msingi ya City jijini Nairobi kilianza mwaka 2003, wakati ambapo wazazi walikuwa wameungana kuunda Chama cha Usonji nchini. Hawakusubiri sera. Waliitafuta shule ya umma ambayo ingekubali, na vitengo vya namna hiyo vikafuata kwingineko.

Kinachoweza kufanywa sasa

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndiyo maana wazazi hawa wanapaswa kusikizwa kanuni za sheria ya 2025 zinapotekelezwa. Jambo la kwanza ambalo Wizara ya Elimu inaweza kulifanya bila kujenga hata chumba kimoja ni kuweka muda maalum wa tathmini, ikiwemo tarehe ya kumpa mzazi nakala ya ripoti. Ofisi isiyo na tarehe ya kutimiza haina sababu ya kuharakisha.

Jambo la pili ni kuagiza kwamba mtoto apokewe shuleni huku tathmini ikisubiriwa. Tathmini iliwekwa ili kumwelekeza mtoto darasani. Haikuwekwa iwe kizuizi cha kumwacha nje.

La tatu ni mkataba kati ya kaunti na serikali ya kitaifa, ili kijitabu cha kliniki na ripoti ya mwalimu wa chekechea vifike katika kituo cha EARC kabla ya mtoto kutimiza miaka sita. Udongo uwahi ungali maji. Mtoto kiziwi anayefunzwa lugha ya ishara akiwa na miaka mitatu na yule anayeianza akiwa na miaka tisa hawawezi kulingana, hata wakiwa na akili sawa.

La nne ni kufanya tathmini kuwa jambo la kurudiwa. Mtoto hubadilika. Ripoti iliyoandikwa akiwa na miaka mitano haipaswi kutumiwa kumhukumu akiwa na kumi na miwili.

Wazazi nao wana nafasi yao. Inafaa ombi la tathmini liwasilishwe kwa mwalimu mkuu kwa maandishi, na nakala ihifadhiwe. Mzazi aende kituoni na kijitabu cha kliniki, matokeo ya hospitali na madaftari ya mtoto, kwani madaftari humweleza afisa mengi. Aombe ripoti iliyoandikwa, na aulize shule itaandaa lini mpango wa masomo wa mtoto huyo binafsi. Asiporidhika, ana haki ya kufika mbele ya bodi ya elimu ya kaunti, na hata kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala endapo ofisi ya umma itamzungusha bila sababu.

Lakini haki ambayo humfikia tu mwenye ujasiri wa kuandika barua na nauli ya kurudi ofisini mara tano haijawa haki ya wote. Kipimo cha sheria ya 2025 kitakuwa mama wa kijijini asiyejua jina la kituo wala la sheria, ambaye atamfikisha mwanawe kwenye lango la shule iliyo karibu. Ikiwa mtoto huyo ataketi darasani siku hiyo, na afisa wa tathmini amfuate huko kabla ya muhula kwisha, Kenya itakuwa imeanza kutimiza kilichoandikwa. Akirudishwa nyumbani, sheria mpya itakuwa imeungana na nyingine zilizoitangulia.